Tangi Jeupe Juu ya Manowari

Usiku mmoja wa Januari 2024, saa saba na kitu, simu yangu ililia mara tatu mfululizo. Alikuwa mtoto wa mama mdogo. Yeye ni mhudumu wa jikoni kwenye meli ya mizigo, na akiandika usiku kwa kawaida huwa anaulizia matokeo ya mpira. Siku hiyo haikuwa mpira.

“Kaka, uko macho?”

“Niko. Sema.”

“Jioni manowari imetupita karibu. Juu yake kuna kitu kama tangi la maji, jeupe, limekalia bunduki. Ni nini hiyo? Wewe ndiye husoma hizo vitu.”

Nikacheka peke yangu gizani. Hapa Bulla Pesa kila paa la maana lina tangi, ila yetu ni meusi na hayajawahi kumtisha mtu isipokuwa yakikauka. Lakini alikuwa ameeleza vizuri kuliko vitabu vingi. Hilo tangi jeupe ni kifuniko cha rada. Chini yake kuna mzinga wenye mitutu sita inayozunguka. Mtambo wote unaitwa Phalanx na kazi yake ni moja tu: ndege ama kombora likishawapita walinzi wengine wote, likiwa limebakisha kama kilomita moja na nusu kufika kwenye meli, mtambo unalimwagia risasi mpaka lipasuke. Ama mpaka risasi ziishe.

Niliandika hayo yote, kisha nikasita kuyatuma. Swali lililofuata nililiona likija kama lori la mbuzi kutoka Merti, vumbi kwanza. Na sisi je?

Mwanzo mnijue kidogo. Nilisomea uhandisi wa mitambo mihula minne, karo ikanishinda, nikarudi nyumbani. Siku hizi naandika makala za kulipwa kwa neno, nyingi hazina jina langu. Bahari iko zaidi ya kilomita 700 kutoka hapa kwa barabara. Lakini silaha si kitu kigeni kwa mtoto wa Isiolo. Shule ya kijeshi ya askari wa miguu iko hapa, ya wahandisi wa jeshi iko hapa, vifaru viko hapa. Tukiwa wadogo, wanajeshi wakifanya mazoezi, mabati yalitetemeka na mwalimu alisimama kusubiri mlio upite ndipo amalizie sentensi. Nadhani ndiyo maana nilianza kusoma mambo ya mizinga. Nilitaka kujua ni nini kilikuwa kinamkatiza mwalimu.

Ya meli niliyaanzia Fort Jesus. Nilikuwa darasa la saba, wazazi wakachanga nauli, basi likatupeleka Mombasa. Pale ngomeni kuna mzinga mrefu wa chuma, na mwelekezi alituambia ulitoka kwenye meli ya Wajerumani iitwayo Königsberg. Tukaupanda, tukapigwa picha, tukaenda kula viazi karai. Hakutuambia kwamba meli hiyo, pale kusini kidogo ya Dar es Salaam, iliwahi kuangusha ndege iliyokuwa inaiua. Niliyajua hayo miaka kumi baadaye, na bado naona tulinyimwa sehemu tamu.

Königsberg ilishushwa majini Desemba 1905. Ndugu wawili wa Marekani walikuwa wamerusha ndege yao ya kwanza miaka miwili tu kabla. Kwa hivyo waliochora meli ile waliwaza adui mmoja, meli nyingine, naye angetokea kwenye upeo wa macho kama mgeni mwenye adabu. Ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5. Hakuna hata mmoja uliotengenezwa kwa ajili ya kitu kilicho juu ya kichwa.

Vita vilipoanza 1914 ilikuwa huku kwetu. Asubuhi ya Septemba 20, 1914 iliikuta manowari ya Waingereza, HMS Pegasus, ikitengenezewa mitambo bandarini Zanzibar, ikaizamisha. Kisha yenyewe ikaharibika na makaa yakawa haba, ikaingia kujificha kwenye delta ya mto Rufiji. Mwenye kuijua mikoko anajua ni mahali gani pale: vijito kama mishipa ya mkono, tope, mbu, na miti inayoziba macho pande zote. Wajerumani waliifunika meli kwa matawi. Vipande vya mitambo vilivyoharibika vilivutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa vivyo hivyo, na mabega yaliyovuta yalikuwa ya Waafrika. Mikokoteni hiyo ina hadithi yake. Vitabu vingi huipa mstari mmoja.

Waingereza walijua iko humo lakini hawakuweza kuiona. Meli zao kubwa hazingeingia kwenye maji yale mafupi, na kutoka baharini mikoko ilikuwa ukuta. Ndipo wakaagiza jicho. Novemba 1914 waliajiri rubani wa kiraia kutoka Durban, Cutler, pamoja na ndege yake ya kutua majini. Kwenye safari ya kwanza radieta iliharibika, na ilibidi manowari iende Mombasa kutafuta radieta ya gari la Ford ili ndege iruke tena. Hebu fikiria hiyo picha: himaya kubwa kuliko zote duniani inasubiri spea ya gari. Cutler aliiona Königsberg, lakini Desemba injini ikamzimikia na Wajerumani wakamkamata. Ndege zilizofuata hazikuwa na bahati zaidi. Joto na unyevu wa pwani vilibandua gundi na kuharibu rafadha. Nyingine zilitobolewa na risasi zikipita chini kupiga picha, kwa sababu hazikuwa na nguvu za kupanda juu.

Hapo ndipo ulinzi wa karibu wa meli dhidi ya ndege ulipoanza katika pwani hii. Haukuwa mtambo. Walikuwa watu wenye bunduki ndani ya mikoko, wakipiga juu kila waliposikia injini.

Julai 1915 Waingereza walileta meli mbili za ajabu, Severn na Mersey, pana na fupi kwenda chini, zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Hizo ziliweza kuingia deltani. Zilitia nanga kilomita kadhaa kutoka kwa Königsberg, mikoko ikiwa katikati. Hakuna aliyemwona mwenzake. Kila upande ulipiga ukifuata macho ya kuazima: Wajerumani walikuwa na waangalizi juu ya miti, Waingereza walikuwa na ndege kutoka uwanja waliousafisha kisiwani Mafia. Ndege ilizunguka juu, mwangalizi akatuma kwa redio alama fupi fupi: umepiga mbele, rudisha nyuma, kushoto kidogo.

Julai 6 Königsberg ilishinda. Iliipiga Mersey, ikaua watu, Waingereza wakarudi baharini. Waliporudi Julai 11, ndege ilikuwa na rubani Cull na mwangalizi Arnold. Safari hii Königsberg ilifanya jambo la akili, na ilibidi ifikirie upya kazi ya mzinga. Ilipiga jicho. Ilituma juu risasi za mzinga zinazopasukia hewani na kumwaga vipande, na kipande kikaingia kwenye injini ya Cull.

Sasa sikia. Injini imekufa. Ndege inateleza chini kama kishada kilichokatika uzi. Arnold anatuma habari kwamba wamepigwa, boti iwasubiri. Halafu, wakiwa bado wanashuka, anaendelea kutuma masahihisho. Severn ilikuwa imeanza kuipata meli; Arnold akaisogeza hadi risasi zikawa zinaangukia palepale Königsberg ilipo. Ndege ikagonga maji ikapinduka. Arnold akatupwa nje, Cull akakwama chini kwenye mkanda wake kabla ya kuchomoka. Boti ya Mersey ikawaokota wote wawili wakiwa hai. Kwenye Königsberg moto ulikuwa umeshika, na nahodha Looff akaamuru meli yake ilipuliwe wenyewe kwa kichwa cha topido.

Yaani ilifaulu. Ilipiga ndege, ndege ikaanguka, na bado ikafa, kwa sababu ilichelewa kwa dakika chache. Kila nikisoma juu ya mitambo ya kisasa yenye rada na kompyuta, narudi pale Rufiji. Swali halijabadilika. Si mzinga wako ni mkubwa kiasi gani. Ni kwamba yule wa juu alikuwa amekuona kwa muda gani kabla hujamgusa.

Mizinga yote kumi ilitolewa kwenye maji, ikafungwa magurudumu, ikapigana nchi kavu miaka miwili zaidi. Mmoja ndio ule tulioupanda na viatu vya shule. Na kuna uzi mwingine unaokuja hadi hapa nilipoketi. Miongoni mwa askari waliopigana upande wa Waingereza kwenye vita hivyo walikuwa Wasomali, Waisaaq na Waherti, na baada ya vita serikali ya kikoloni ikawapa baadhi yao makazi Isiolo. Mji huu, kwa sehemu, ni malipo ya uzeeni ya vita ile. Ukipita mitaa ya zamani ukasalimia, unasalimiana na wajukuu wa watu wale. Kwa hivyo mtu akiniuliza Isiolo na manowari vinahusiana wapi, huwa nina jibu, ingawa refu.

Vita vya pili vilipokuja ndege ilikuwa imekua, na meli zilikuwa zimejaribu kukua nayo. Waingereza walikuwa na mzinga waliouita pom-pom kwa sababu ya mlio wake. Mitutu minane ya milimita 40 kwenye kiti kimoja, ikipiga kwa zamu bila kupumzika. Mabaharia waliupenda kwa sababu kelele zake ziliwapa moyo. Kupiga ndege iendayo kasi lilikuwa suala lingine.

Aprili 1942 wabeba ndege watano wa Japani waliingia Bahari ya Hindi. Siku ya Pasaka, Aprili 5, walishambulia Colombo, na mchana marubani wao wakazipata manowari mbili za Waingereza zikiwa peke yao kusini: Cornwall na Dorsetshire. Si vimeli. Kila moja ilikuwa na uzito wa karibu tani 10,000, na Dorsetshire ndiyo iliyopiga topido za mwisho kwenye Bismarck mwaka uliotangulia. Zilikuwa na pom-pom. Ndege 53 zikawajia kutoka upande wa jua na kutoka mbele, mahali ambapo mizinga mingi haikuweza kugeuka kupiga. Chini ya nusu saa meli zote mbili zilikuwa chini ya bahari. Watu 424 walikufa, na zaidi ya 1,100 walikaa majini, kwenye mafuta na jua, zaidi ya siku nzima kabla ya kuokolewa. Siku nne baadaye, Aprili 9, mbeba ndege Hermes akazamishwa karibu na Batticaloa. Hakuwa na ndege hata moja ndani. Mbeba ndege bila ndege ni sokoni bila bidhaa; walibaki na mizinga michache na watu 307 wakafa.

Ni kwa sababu ya wiki hiyo kwamba Mombasa ikawa makao ya meli kubwa za vita. Admirali Somerville alielewa kwamba meli zake hazingeweza kujilinda dhidi ya ndege zile, na kwamba kuongeza bunduki za sitaha kusingebadilisha hesabu haraka. Akafanya kitu ambacho hakipendezi kwenye filamu. Aliondoka. Meli nzito zilihamia Kilindini, mbali na mkono wa Mjapani, na kundi hilo likawa na makao pale hadi 1943. Wale wanaopenda kusema Mombasa ni mji wa raha tu, wajue iliwahi kuwa kimbilio la watu wazima wenye hofu ya haki kabisa.

Na kule Mombasa ulinzi wao wa kweli haukuwa mizinga. Ulikuwa shuleni. Wadukuzi wa mawasiliano ya Japani, waliohama kutoka Singapore hadi Colombo na sasa Mombasa, waliwekwa katika shule ya Allidina Visram, pale inapotazama bahari. Humo darasani, mbali sana na vita vyenyewe, walipasua mfumo wa siri uliotumiwa na meli za mizigo za Japani. Sikio badala ya jicho. Ukijua adui anakwenda wapi kesho, huhitaji kumpiga akiwa juu ya kichwa chako. Mimi nikipita mbele ya shule yoyote siku hizi huwa nawaza mambo ya ajabu.

Miaka ya makombora naipita haraka, kwa sababu ni hadithi ileile ikikimbia kwa kasi zaidi. Oktoba 21, 1967 boti ndogo za Misri, zikiwa bado karibu na bandari ya Port Said, zilizamisha manowari ya Israeli, Eilat, kwa makombora. Watu 47 walikufa. Dunia ya mabaharia ilishtuka: boti iliyogharimu kidogo imeua meli kubwa bila hata kuisogelea. Mei 4, 1982, vita vya Falkland, kombora la Exocet likarushwa na ndege ya Argentina likaipiga HMS Sheffield, 20 wakafa. Sheffield haikuwa na mzinga wa aina ya Phalanx. Kabla mwaka haujaisha Waingereza walikuwa wameshafunga mitambo hiyo kwenye mbeba ndege wao mpya, Illustrious, mbio mbio.

Kenya yetu nayo ilikuwa sokoni miaka hiyo. Miaka ya sabini ilinunua boti za Brooke Marine kutoka Uingereza, ikazipa majina ya fahari, Madaraka, Jamhuri, Harambee, na baadaye zikafungwa makombora ya Gabriel ya Israeli. Mwaka wa 1987 zikajengwa Nyayo na Umoja zenye makombora ya Otomat ya Kiitaliano. Kwa kupiga meli nyingine, zilikuwa na mkono mrefu. Kwa kujilinda na kitu cha angani, zilitegemea mizinga: mmoja wa milimita 76 mbele, na ile pacha ya milimita 30. Hakuna tangi jeupe. Si kusema walikosea. Adui waliyemwaza hakuwa na ndege za kutuma kwa wingi. Lakini ukitazama orodha za manunuzi za nchi nyingi za kiwango chetu utaona mtindo uleule: upanga kwanza, ngao pesa zikibaki. Na pesa, tunajua tabia yake.

Sasa tufanye hesabu, kidogo tu, hapa ndipo mihula yangu minne inaponisaidia. Exocet huenda karibu mita 300 kwa sekunde. Kutoka Isiolo hadi Archer's Post, mahali ambapo matatu inachukua zaidi ya nusu saa, lingefika kwa dakika mbili hivi. Na halipiti juu. Linaruka mita chache juu ya mawimbi, na kwa kuwa dunia ni mviringo, rada ya meli hailioni mpaka litokeze juu ya upeo. Mizinga ya Phalanx inaanza kuwa na maana kwenye kilomita moja na nusu. Gawanya: sekunde tano. Mtambo hupiga risasi 4,500 kwa dakika, ambazo ni 75 kwa sekunde, kwa hivyo sekunde tano ni kama risasi 375 dhidi ya kitu chenye upana wa mlango wa mbele wa probox. Stoo yake ya risasi, ile ya toleo la kawaida, ni 1,550. Ukishika kidole kwenye kifyatulio bila kuachia, zinaisha kwa sekunde ishirini na kidogo. Baada ya hapo kuna watu wanapaswa kupanda na kujaza, kwa mikono, wakitumaini hakuna kombora la pili njiani. Na hata ukilipiga likiwa mita 400 mbali, halipotei. Vipande vyake vinaendelea kuja kwa kasi ileile, mafuta yakiwaka.

Ndiyo sababu sekunde tano haziachiwi binadamu. Ukiwasha mtambo kwa hali ya kujiendesha, wenyewe unatafuta, unaamua, unapiga, unasahihisha kwa kutazama risasi zake na shabaha yake kwa pamoja. Arnold aliyeingizwa kwenye sanduku jeupe. Lakini lazima mtu awe ameuwasha. Mei 17, 1987, katika Ghuba ya Uajemi, ndege ya Iraq ilirusha makombora mawili ya Exocet kwa USS Stark. Stark ilikuwa na Phalanx, nzuri, mpya. Haikuwa imewekwa tayari kupiga. Watu 37 wakafa na sanduku jeupe liko palepale, zima kabisa.

Nikiwa nimefika hapo kwenye maelezo yangu, nikiyafupisha kwa ajili ya simu, mtoto wa mama mdogo akakata maneno.

“Kaka. Na sisi je?”

Bahari ya Shamu ya wakati huo mnaikumbuka. Oktoba 2023 manowari ya Marekani, USS Carney, ilidungua makombora na droni zilizorushwa na Wahouthi kutoka Yemen. Novemba Wahouthi wakateka meli ya mizigo Galaxy Leader na mabaharia wake. Kampuni nyingi zikaanza kuzungusha meli zao chini ya Afrika, kupitia Cape, siku kumi ama zaidi za ziada, na bei za usafiri zikapanda hadi kwa wakulima wa parachichi na chai. Wengine waliendelea kupita palepale. Kampuni iliyomwajiri ndugu yangu ilikuwa ya hao wengine.

Kulikuwa na hesabu nyingine pia, ya pesa. Kombora la Marekani la kudungulia droni hufika takriban dola milioni mbili. Droni yenyewe ni bei ya gari la mtumba, wakati mwingine chini ya hapo. Hata tajiri hawezi kucheza hiyo karata milele. Ndiyo maana mizinga, ambayo watu walidhani imezeeka, ilianza kupendwa tena. Risasi ni rahisi.

Na mizinga inapata kazi. Mwishoni mwa Januari hiyohiyo, kombora la Wahouthi liliwapita walinzi wengine wote wa USS Gravely hadi likawa umbali wa kama maili moja kutoka kwenye meli. Hapo tangi jeupe likafanya ile kazi yake ya sekunde chache, kombora likaanguka. Maili moja. Mabaharia wangeweza kusikia. Vyombo vya habari viliandika kama ushindi na ulikuwa ushindi. Mimi niliusoma kama mtu asomaye kwamba jirani aliamka wakati mwizi ameshashika kitasa.

Hiyo ilitokea siku chache baada ya mazungumzo yetu. Usiku ule sikuwa nayo. Nilikuwa na swali lake tu, na tiki mbili za bluu zikionyesha ameona kwamba nimeona.

Nikamwambia ukweli. Kwamba ile manowari inaweza kulinda meli zilizo karibu kwa makombora yake ya mbali, ikitaka na ikiwa nayo. Lakini ule mtambo mweupe ni wa mwenye meli yake. Umbali wake ni mfupi, unalinda kitu kimoja, kile ulichofungwa juu yake. Meli ya mizigo haina rada ya kuona kombora likija, haina mzinga, na mabati yake ni membamba kuliko mtu anavyodhani. Machi 6 mwaka huo mabaharia watatu walikufa kwenye True Confidence, wa kwanza kufa katika mashambulizi yale. Walikuwa watu wa kazi, kama yeye. Hao walikuwa bado hawajafa wakati naandika, lakini hakuna aliyehitaji kuwa nabii.

Alikaa kimya dakika nzima. Kisha akatuma sauti, na nyuma yake nikasikia feni ya jikoni na sufuria ikigongwa.

“Sisi tuko na Musa,” alisema.

“Musa ni nani?”

“Sanamu. Tumemvisha ovaroli, tumemjaza magunia, tukampa fimbo ya kufagilia aishike kama bunduki. Ni ya maharamia wa zamani, wakiona kwa mbali wadhani kuna mlinzi. Yuko pale nyuma ya meli, ukutani kuna na seng'enge.”

Nikajua hizo. Enzi za maharamia wa Somalia meli nyingi zilikuwa nazo: seng'enge ukingoni, mipira ya maji, chumba cha kujifungia chini karibu na injini, na watu wa magunia wakilinda zamu bila chai.

“Anaangalia wapi?” nikamuuliza.

“Kivipi?”

“Huyo Musa. Mmemwelekeza wapi?”

“Majini. Si maharamia hutoka majini?”

“Mwambieni bosi wenu amgeuze aangalie juu.”

Ikawa kimya tena. Niliona anaandika, anaacha, anaandika.

“Tulijaribu jana,” akajibu. “Akiinua kichwa kofia inaanguka.” Halafu nyingine ikaingia: “Lala kaka. Naamka saa kumi kukanda chapati.”